Ramli za kupeleleza: mnazitumiaje zaidi ya kuchungulia chumba kinachofuata?

Mchawi_Mchovu ameuliza:

Wakuu, naomba mawazo yenu. Tunacheza mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, Dungeons & Dragons, toleo la 5, kwa vitabu vya mwaka 2014. Mhusika wangu ni mchawi, kafika ngazi ya 7, na uchawi wa daraja la 4 ulipofunguka nikachukua Arcane Eye, jicho la kichawi unalolituma likuonee mbali, bila kusita. Mezani kwetu tunaiita Jicho tu. Halionekani, linadumu saa 1, linapenya tundu la inchi 1, gizani linaona hadi futi 30, na halina kikomo cha umbali. Nikajua nimeshamaliza kazi.

Kinachotokea sasa ni hiki. Kampeni imehamia mjini, na kila tukifika kwenye jengo natuma Jicho. Mchezeshaji ananieleza chumba cha kwanza, cha pili, ghala, ngazi, ukumbi. Wenzangu watatu wamekaa wanasubiri. Mmoja keshaanza kujenga mnara wa dadu. Mwisho wa yote tunajua walinzi wamesimama wapi, tunaingia, tunapigana nao vilevile kama ambavyo tungepigana bila kuchungulia. Yaani nafasi yangu pekee ya kupiga uchawi wa daraja la 4 kwa siku naitoa kununua ramani.

Kitabuni nina pia Clairvoyance (kuona au kusikia kwa mbali), Alarm (kengele ya kichawi) na Find Familiar (kumwita mnyama mwandani), na nikifika ngazi ya 9 nitachukua Scrying (kumchungulia mtu au mahali kutoka mbali). Adui yetu ni liwali wa bandari. Tunaamini anawauzia maharamia silaha za ghala la mji, ila ushahidi hatuna, na mjini hapo hatuwezi kumkata kichwa tu tukaondoka. Ninyi mnazitumiaje ramli hizi?

---

Bundi_wa_Zamu:

Kabla hujaunguza nafasi kubwa, mtumie mwandani wako. Find Familiar ni saa 1 ya kumwita, pamoja na makaa, ubani na mitishamba ya vipande 10 vya dhahabu. Akiuawa unamwita mwingine. Ndani ya futi 100 unaona kwa macho yake na kusikia kwa masikio yake, na hapo ndipo anapolishinda Jicho, maana Jicho ni kiziwi. Wachawi wengi wanatembea miezi na Jicho bila kugundua kwamba hawajawahi kusikia neno hata moja.

Tahadhari mbili. Ukiwa ndani ya macho yake, mwili wako mwenyewe hauoni wala hausikii, kwa hiyo kaa na mtu wa kukulinda. Halafu chagua umbo kwa akili. Watu wanampenda bundi kwa sababu ya mapigano, lakini bundi aliyetua ofisini kwa liwali ataulizwa anatafuta nini. Buibui haulizwi.

---

Bi_Mchezeshaji:

Mchawi_Mchovu, ngoja nikubishie kidogo. Jicho halina kosa, kosa ni hivyo vyumba. Chumba hakiogopi, hakitumi mtu, hakifichi kitu usiku. Anayefanya hayo ni mtu, na mtu mwenyewe hafanyi mpaka apate sababu.

Mimi nachezesha kuliko ninavyocheza, na wachawi wote wanaopita mezani kwangu nawaambia neno moja: sukuma kwanza, kisha tazama. Liwali aliyetulia hana cha kukuonyesha. Utamchungulia usiku kucha na utamkuta anakula, anapiga mihuri, analala. Mtie wasiwasi kwanza, halafu Jicho liwe tayari darini wakati wasiwasi unaingia.

Nikupe mfano. Katika kampeni niliyoichezesha kulikuwa na mfanyabiashara wa chumvi mwenye daftari la pili la hesabu. Kundi lilikuwa limeshapekua nyumba yake likatoka mikono mitupu. Safari ya pili mchawi aliweka Jicho kwenye boriti ya chumba cha kazi, kisha mwizi wao akampa mtoto wa jirani barua apeleke mlangoni: "Wamejua kuhusu daftari. Lihamishe leo." Basi. Barua haikuwa na jina wala muhuri. Mfanyabiashara akaisoma, akaichoma, akakaa kitini. Wachezaji wakaanza kukata tamaa. Halafu akainuka akaenda jikoni, akamtoa mpishi nje, akasimama anatazama jiwe la chini ya tanuri. Hakuligusa hata! Alilitazama tu akarudi zake. Ilitosha.

Tazama jinsi barua ile ilivyokuwa nyepesi. Haikutaja daftari liko wapi, wala haikuhitaji kuaminika. Hata mtu akihisi kwamba ni mtego, roho yake itakwenda kwanza kwenye kile anachokificha, na macho yatafuata.

Kwako wewe, liwali mwenyewe mwache. Mfuate tarishi. Mtawala mwenye akili hashiki silaha za magendo kwa mkono wake, ila lazima amtume mtu, na huyo ndiye wa kumwangalia. Hapa lakini kuna hesabu ambayo wengi inawapita: Jicho linasogea futi 30 kwa kitendo kimoja, na kila zamu unalipa kitendo kulisogeza. Mtu wa kawaida anatembea futi 30 kwa zamu. Akitembea, mko sawa. Akikimbia au akipanda farasi, amekuacha. Sasa mwizi wenu ana kazi: usiku huo farasi wa bomani wote wawe na tatizo la kwato. Na mpiganaji wenu ana kazi: alewe barabara kuu na kuanzisha ugomvi, tarishi alazimike kupita uchochoro wenye watu wengi ambako hawezi kukimbia. Hakuna tena anayejenga mnara wa dadu.

Jambo jingine, na hili nalipenda kuliko yote. Kwa ngazi ya 7 una nafasi 1 tu ya daraja la 4, kweli. Lakini mchawi ana ule uwezo wa kujirudishia nafasi mara moja kwa siku akimaliza mapumziko mafupi, jumla ya madaraja isizidi nusu ya ngazi yake, ukipandisha sehemu. Nusu ya 7 ukiipandisha ni 4. Mapumziko mafupi ni saa 1. Jicho linadumu saa 1. Umeshaona? Unaliachia Jicho, mnakaa chini, wenzako wanafunga vidonda, wewe umefumba macho unatembea ndani ya ngome. Mchezeshaji mwenye roho nzuri hatasema kwamba kutazama ni kazi ngumu ya kuvunja mapumziko, ila muulize mapema. Saa ikiisha, nafasi imerudi, na hapo unapiga Dimension Door, uchawi wa kuhamia mahali pengine papo hapo. Uchawi huo hauhitaji uone unakokwenda, unataka utaje tu umbali na uelekeo, hadi futi 500. "Futi 180 mbele, 40 chini." Watu wanaogopa kuutumia hivyo kwa sababu ukitua ndani ya ukuta au juu ya mtu unaumizwa na safari inashindikana. Wewe huogopi, umepima kwa Jicho. Unakwenda na mwenzako mmoja tu, basi chagua vizuri.

Msichanganye kuona na kufika, lakini. Nimeshaombwa mara nyingi: "Namwona kwa Jicho, nampiga mpira wa moto." Hapana. Uchawi unatoka ulipokaa wewe, na ukuta bado ni ukuta.

Clairvoyance: watu wengi wanachagua kuona kwa mazoea. Chagua kusikia. Katika vitabu vya kwanza kabisa vya mwaka 1974 kuona kwa mbali na kusikia kwa mbali vilikuwa uchawi wa aina mbili, na toleo la 3 la mwaka 2000 likaviunganisha. Siku hizi unachagua kimoja na kubadilisha kunakula kitendo, ndiyo maana kifaa chake ni ama pembe yenye vito ama jicho la kioo, cha vipande 100 vya dhahabu. Inachukua dakika 10 kuipiga na inadumu dakika 10, kwa hiyo haifai kwa kubahatisha. Inafaa kwa mkutano ambao saa yake unaijua, mahali unapopajua, ndani ya maili 1. Na nani kapanga saa ya mkutano? Wewe, kwa barua yako.

Alarm ndiyo inayonyanyaswa kuliko zote. Kila kundi linaizungusha kwenye hema likalala. Jamani, ni ya daraja la 1, unaweza kuipiga kwa tambiko bila kutumia nafasi hata moja, inadumu saa 8, na ukichagua ya kimyakimya inakupigia kengele akilini ukiwa popote ndani ya maili 1. Nani kasema mlango lazima uwe wenu? Iweke kwenye mlango wa ghala la silaha. Tena unaruhusiwa kutaja viumbe ambao hawataigusa kengele. Mkishawajua walinzi wa zamu, wataje wote. Kengele ikilia, aliyeingia si mlinzi.

Scrying tutaongea ukifika. Kwa sasa anza kukusanya. Anayelengwa anarusha dadu ya kujikinga kwa Hekima, na ukiwa na picha yake anapungukiwa 2, nguo au kitu chake 4, nywele au ukucha 10. Akijikinga, wewe hutamgusa tena kwa uchawi huo kwa saa 24. Kwa hiyo kinyozi wa liwali ni mtu muhimu kuliko kamanda wake. Ila pia unaweza kulenga mahali ulipowahi kupaona badala ya mtu, na mahali hapana dadu ya kujikinga. Ombeni kuonana naye leo, kwa kesi yoyote ya kipuuzi, mradi uingie chumba cha baraza ukakitazama vizuri. Ukifika ngazi ya 9 utakishukuru kile kikao.

---

Mchora_Ramani:

Naunga mkono, na naongeza ya upande wa mchezeshaji, kwa kuwa Mchawi_Mchovu aligusia wenzake wanaochoka.

Mimi sielezi tena chumba kwa chumba. Namuuliza mchawi: unatafuta nini? Akijibu, nampa vitu vitatu anavyoviona, basi, na tafsiri nawaachia wengine. Jicho limeona mtu kavaa joho lenye uzi wa fedha shingoni: mchawi hajui maana yake, kuhani ndiye anayejua. Limeona kufuli la ajabu: mwizi aniambie ni la aina gani. Mchawi anaazima macho tu, kichwa ni cha kundi zima. Na kwa kuwa Jicho halisikii, nawaachia wabuni maneno ya wale wanaoongea. Wanabuni vibaya, wanabishana, na mabishano yale ni mchezo wenyewe.

La pili linahusu adui anayejikinga. Wachezaji wakikutana na zindiko la kuzuia ramli wananuna, wanaona mchezeshaji kawafungia mlango. Mimi naliona kama zawadi. Zindiko la Private Sanctum linafunika mchemraba usiozidi futi 100 kila upande kwa saa 24, na mpigaji akitaka, vitambuzi vya ramli, yaani macho na masikio ya kichawi kama Jicho, haviingii ndani. Vizuri! Tuma Jicho lizunguke ngome yote. Pale linapokataa kupita ndipo penye siri, na sasa unajua hata ukubwa wake. Zindiko hilo likipigwa kila siku kwa mwaka mzima mahali palepale linakuwa la kudumu, kwa hiyo ukikuta la kudumu umejua pia siri ile si ya jana.

Hali kadhalika Nondetection. Inamficha mtu kwa saa 8, na kila ikipigwa inateketeza vumbi la almasi la vipande 25 vya dhahabu. Anayetaka kujificha mchana na usiku anateketeza vipande 75 kwa siku. Liwali anaweza kujificha asionekane kwa ramli yoyote, lakini kuna sonara anayemuuzia vumbi lile, na sonara hajajificha.

---

Msomi_wa_Mnara:

Mimi si mtu wa toleo la 5, nachezea Ars Magica, mchezo uliotoka mwaka 1987. Ulaya ya kubuni, mwaka 1220, wachawi wana chama chao na kiapo chao. Nauleta hapa kwa sababu moja: kiapo kile kinamkataza mchawi kuwapeleleza wachawi wenzake kwa uchawi. Kwa hiyo mezani kwetu kujua ni rahisi, kigumu ni kusema umejuaje.

Unamwona mwenzako ameshika mkataba na pepo. Umeona kwa macho yako. Ukisimama barazani kulisema, mshtakiwa wa kwanza ni wewe. Sasa fanya kazi: tafuta njia halali ya kufikia jambo ambalo tayari unalijua. Mfanye mtu mwingine "aligundue" kwa bahati. Vikao vyetu vizuri kuliko vyote vimetoka hapo, na sidhani kama kuna kanuni inayokuzuia kuuhamisha mkwamo huu kwenye bandari yenu. Mwambie mchezeshaji wako kwamba mahakama ya mji haipokei ushahidi wa ramli. Kadhi gani atamwamini mchawi mgeni anayesema aliona kwa jicho lisiloonekana?

Na jambo la pembeni: kabla hujamlenga mhusika wa mchezaji mwenzako kwa ramli yoyote, muulize mchezaji mwenyewe. Kuna watu wanafurahia kufichuliwa siri za mhusika wao mbele ya wote, na kuna watu hawatarudi wiki ijayo.

---

Mchawi_Mchovu:

Aisee. Hilo la kupumzika huku Jicho linatembea sikuwahi kuliona, na nimesoma ukurasa ule mara nyingi tu. Nimeshamuuliza mchezeshaji wangu, kakubali, ila kasema nikivurugwa umakini unaolishikilia Jicho katikati ya saa ile nimepoteza vyote viwili. Sawa.

La Msomi_wa_Mnara pia kalipenda, kupita kiasi nadhani. Kanijibu "mahakama haipokei ramli" na alama ya kucheka, kwa hiyo sasa ni kanuni ya mji wetu. Asante sana, mkuu.

Mpango wangu kwa sasa uko hivi, nikosoeni. Alarm kwa tambiko kwenye mlango wa ghala la silaha baada ya zamu ya jioni kuingia, walinzi wote wametajwa. Barua ya uongo kwa liwali. Jicho kwa tarishi. Mwizi anashughulikia kwato. Kengele ikilia akilini, mpiganaji wetu ambaye ana urafiki na mkaguzi wa forodha anamleta mkaguzi ghalani kwa kisingizio cha moshi, ili aone mwenyewe kwa macho ya kawaida. Maswali: (1) Je, mtu anaweza kuliona Jicho? (2) Jicho likiwa kazini, Alarm inavunjika?

---

Bi_Mchezeshaji:

(1) Halionekani, lakini mwenye uwezo wa kuona visivyoonekana ataliona. Kama liwali ana mchawi wa kuajiriwa, chukulia kwamba anao uwezo huo na usilikalishe Jicho katikati ya chumba. Weka juu, nyuma ya boriti. Clairvoyance na Scrying ni vivyo hivyo, kitambuzi chake kwa mtu wa namna hiyo ni tufe linalong'aa, ukubwa wa ngumi. Hata hivyo wachezeshaji wazuri hawampi kila kabaila mchawi wa namna hiyo.

(2) Haivunjiki. Alarm haihitaji umakini, Jicho linahitaji. Zinakaa pamoja bila shida.

Mpango mzuri, una tundu moja. Tambiko linaongeza dakika 10 kwenye ile dakika 1 ya kawaida, na lazima uwe ndani ya futi 30 za mlango. Dakika 11 mtu mgeni kasimama mbele ya ghala la silaha na kengele ndogo na uzi wa fedha mkononi? Ama lipa nafasi ya daraja la 1 uimalize kwa dakika 1, ama mtafutie mpiganaji wako sababu ya kulewa mapema zaidi. Na wataje walinzi kwa kuwaona, si kwa kuhesabu sare, maana siku hiyo liwali anaweza kumvalisha haramia sare.

---

Bundi_wa_Zamu:

Ya sare hiyo nimeiiba, samahani kwa wachezaji wangu.

Mchawi_Mchovu, buibui aende na mkaguzi, ndani ya kofia. Jicho halitasikia mkaguzi anasema nini akifungua mlango, na utataka kusikia. Ila chunga zile futi 100, ghala na sehemu uliyojificha zisipishane zaidi ya hapo.

---

Mchawi_Mchovu:

Ndani ya kofia! Haya. Tunacheza mwisho wa juma, na mwizi wetu keshaanza kuuliza kwato za farasi zinaharibiwaje bila kumuumiza farasi. Anayejua aandike hapa kabla ya hapo.